Lexington na mstari wa mwaka 1958

Ukitoka katikati ya Lexington, Kentucky, ukaifuata barabara ya Paris Pike kuelekea kaskazini-mashariki, kuna mahali mji unakatika ghafla. Huoni nyumba zikipungua kidogo kidogo, wala yale magodauni na maduka ya pembezoni yanayoisindikiza miji mingi ya Marekani hadi mbali. Upande huu kuna mitaa na taa za barabarani. Upande wa pili kuna majani, kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, nyua za mbao zilizopakwa rangi nyeusi, na farasi. Mgeni hudhani ndivyo nchi ilivyojiumba. Sivyo. Huo ni mpaka, mstari uliochorwa kwenye ramani mwaka 1958 ili mji usitambae mashambani, na karibu kila ugomvi wa mji huu, uwe wa kodi ya nyumba, wa mabomba ya majitaka au wa basi, ukiufukua utaukuta mstari huo chini yake.

Nauandikia kwa Kiswahili kwa sababu mji huu umekuwa wetu pia. Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazozungumzwa zaidi hapa baada ya Kiingereza na Kihispania, na shule za kaunti huwapa wazazi taarifa kwa Kiswahili. Wengi wetu tulitoka mashariki mwa Kongo, tukakaa miaka mingi katika kambi za Tanzania, Uganda au Burundi, kisha tukapokelewa na mashirika kama Kentucky Refugee Ministries, ambalo ofisi yake ya Lexington ilifunguliwa mwaka 1998. Na kila familia mpya ikishazungushwa mjini kwa gari mara mbili tatu, hutoa swali lile lile: mbona nyumba ni ghali hivi, na ardhi yote ile imelala?

Jibu la haraka analopewa mtu ni kwamba mpaka ndio uliobana. Wenye kampuni za ujenzi husema hivyo, na baadhi ya wanasiasa pia. Mimi nimeyatazama mahesabu ya sensa kwa muda mrefu na naona jibu hilo ni nusu tu. Nusu iliyobaki ndiyo inayotuumiza zaidi, na haizungumzwi.

Tuanze na ardhi yenyewe. Lexington umekaa juu ya mwamba wa chokaa wenye umri wa miaka takriban milioni 450, uliokuwa chini ya bahari. Maji ya mvua huuyeyusha mwamba huo polepole, kwa hiyo chini ya majani kuna nyufa, mapango na mashimo yanayomeza vijito na kuvitapika mbali. Mwamba huo una kalsiamu na fosforasi kwa wingi, navyo hupanda kwenye udongo, vikaingia kwenye majani, na wafugaji huamini kwamba kutoka hapo vinaingia kwenye mifupa ya mwanafarasi. Ndiyo maana mamia ya mashamba ya farasi wa mbio yako hapa na si mahali pengine. Man o' War, farasi wa mbio mwenye jina kubwa, alizaliwa nje kidogo ya mji mwaka 1917. Leo jina lake limepewa barabara kuu inayopinda kuuzunguka upande wa kusini. Secretariat, farasi mwingine maarufu wa mbio, amezikwa shamba la Claiborne, karibu na mji wa Paris, kaunti jirani ya Bourbon.

Kitu ambacho ardhi hiyo haina ni mto wa kupitisha meli. Kuna kijito tu, Town Branch, ambacho mji ulijengwa kando yake na baadaye ukakifunika, kikawa kinapita chini ya barabara. Mwanzoni hilo halikuonekana kuwa tatizo. Sensa ya 1800 ilihesabu watu 1,795, na Lexington ulikuwa mji mkubwa kuliko miji yote ya Marekani iliyoko magharibi ya milima ya Appalachia. Una chuo, Transylvania, kilichopewa hati mwaka 1780. Kisha mwaka 1811 meli ya kwanza ya mvuke ikashuka mto Ohio, na biashara ikahamia kwenye gati. Kufikia 1820 Cincinnati, ulio kandokando ya mto huo, ulikuwa na watu zaidi ya 9,600, na Lexington haujafika 6,000. Mwaka 1833 ikaja kipindupindu. Kwenye mwamba uliojaa nyufa, maji ya choo na maji ya kisima hayatenganishwi na kitu. Walikufa takriban watu 500 katika mji wenye watu kama 6,000. Yaani katika kila familia ya watu kumi na wawili, mmoja alizikwa.

Kisa hicho nakirudia kila ninaposikia mtu akisema mpaka ulichorwa ili kuwafurahisha matajiri wa farasi. Matajiri waliufurahia, hilo kweli. Lakini kilichouzaa kwanza ni majitaka. Mwaka 1956 kampuni ya IBM ilileta kiwanda chake cha mashine za kuchapa, wafanyakazi wakaja kwa maelfu, nyumba zikaanza kuota mashambani zikiwa na mashimo ya maji machafu yaliyochimbwa juu ya mwamba ule ule wa 1833. Wapangaji wa mji wakaamua: tutachora mstari, ndani yake tutapeleka mabomba ya majitaka, nje yake hatupeleki, na pasipo na mabomba haujengwi mtaa. Eneo la ndani wakaliita eneo la huduma za mji. Ulikuwa mpaka wa kwanza wa aina hiyo Marekani. Hata hivyo mabomba yenyewe hayakutunzwa ipasavyo, hadi mwaka 2006 serikali kuu ikaushtaki mji mahakamani kwa kuacha majitaka yafurike kwenye vijito. Ukiwa na mwamba kama huu, mji usioheshimu mabomba yake unawanywesha watu wake uchafu. Kwa hiyo mimi niko upande wa mpaka, na nasema hivyo wazi kabla ya kuendelea.

Sasa tuje kwenye hesabu, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapopotoshwa.

Tangu Januari 1974 mji wa Lexington na kaunti ya Fayette ni serikali moja. Mipaka ya mji ikawa ndiyo mipaka ya kaunti, pamoja na mashamba ya farasi. Sensa ya 2020 ilihesabu wakazi 322,570. Ukigawa kwa eneo lote, kilometa za mraba kama 735, unapata watu wapatao 440 kwa kila kilometa ya mraba, na unasema: mji mtupu huu. Lakini karibu wakazi wote wanaishi ndani ya mpaka, kwenye kilometa za mraba zinazokaribia 220. Humo ndani msongamano ni takriban watu 1,400 kwa kilometa ya mraba, zaidi ya mara tatu. Wastani wa kaunti unachanganya mtu na farasi, na kila anayeutumia kubishana, kwa upande wowote ule, anabishana na kivuli.

Halafu kuna jiji pana. Serikali ya Marekani huhesabu eneo la Lexington kuwa kaunti sita: Fayette katikati, na kuizunguka Scott, Jessamine, Clark, Woodford na Bourbon. Zote kwa pamoja zilikuwa na watu 516,811 mwaka 2020. Barabara zake zimekaa kama njiti za gurudumu la baiskeli, na kila njiti ina jina la mji inakokwenda: Georgetown Road, Nicholasville Road, Winchester Road, Versailles Road, Paris Pike. Mtu akikutajia barabara anayoishi ameshakuambia ukuta wa kaunti gani uko karibu naye.

Hoja ya wapinzani wa mpaka ni kwamba umewafukuza watu wakakimbilia kaunti hizo tano. Kama ni kweli, sehemu ya Fayette katika jiji zima ingekuwa imeporomoka. Nimepiga hesabu kwa kaunti zile zile sita tangu 1970. Mwaka huo Fayette ilikuwa na watu 174,323, yaani karibu 65 kati ya kila watu 100 wa eneo lote. Mwaka 2010 walikuwa karibu 63. Mwaka 2020 zaidi kidogo ya 62. Miaka hamsini, pungufu ya watu watatu katika mia! Na katika muda huo huo idadi ya watu wa Fayette imekaribia kuongezeka maradufu, humo humo ndani ya mstari ambao umesogezwa mara chache sana. Huo si mji uliokabwa.

Lakini ukizichambua kaunti moja moja, picha inabadilika, na hapa naomba msomaji apunguze mwendo. Kati ya 2010 na 2020 Fayette iliongezeka kwa asilimia 9. Bourbon, nchi ya Claiborne na Secretariat, iliongezeka kwa asilimia 1 na kidogo tu: kutoka watu 19,985 hadi 20,252. Scott iliongezeka kwa asilimia 21, kutoka 47,173 hadi 57,155. Jessamine, iliyokuwa na watu 17,430 mwaka 1970, sasa ina 52,991, mara tatu. Kwa hiyo watu hawakusambaa sawasawa kama maji yaliyomwagika kutoka kwenye ndoo iliyojaa. Walikwenda mahali pawili: palipo na kazi na palipo na nyumba za bei nafuu.

Kazi iliyoko Scott inajulikana. Desemba 1985 Toyota ilitangaza kwamba itajenga kiwanda cha magari Georgetown, mji wa kaunti ya Scott, na gari la kwanza likatoka mwaka 1988. Leo kiwanda hicho kina wafanyakazi zaidi ya 9,000, mbali na viwanda vidogo vinavyokiuzia vipuri. Hata kama mpaka wa Lexington usingekuwepo, watu hao wangejenga Georgetown. Kuulaumu mstari kwa ajili ya Scott ni kuulaumu uzio kwa sababu mvua imenyesha kwa jirani.

Nyumba za bei nafuu ni habari nyingine, na hapo ndipo lawama inapostahili kupelekwa kwenye anwani yake.

Ndani ya mpaka, mitaa mingi imeruhusiwa aina moja ya jengo: nyumba ya familia moja, katikati ya kiwanja chake, na majani mbele na nyuma. Mtu akitaka kujenga ghorofa tatu za kupangisha karibu na mitaa hiyo, mikutano ya hadhara hujaa majirani waliokuja kupinga. Wengi wa majirani hao ndio wanaoweka kibao cha kulinda mashamba mbele ya nyumba. Hawakubali mji upanuke, na hawakubali upande juu. Jumla ya misimamo hiyo miwili ni kodi ya nyumba inayopanda, na anayeilipa si aliyenunua nyumba mwaka 1995. Anayeilipa ni mpangaji, na katika wapangaji wa Lexington sisi ni wengi.

Mpangaji huyo akishindwa anahamia Nicholasville, kaunti ya Jessamine, au Winchester, kaunti ya Clark. Sasa angalia kinachomtokea. Lexington hauendeshwi hasa kwa kodi ya majengo. Unaendeshwa kwa kodi ya mishahara, asilimia 2.25 ya kila mshahara unaopatikana ndani ya kaunti, popote anapolala mfanyakazi. Mama anayefanya usafi usiku katika hospitali ya Lexington na kulala Jessamine anakatwa asilimia hizo kila malipo. Hela yake inatengeneza barabara za Lexington, inalipa zimamoto wa Lexington. Lakini hapigi kura Lexington. Diwani hana haja ya kumsikiliza, meya hana haja ya kumwomba chochote. Mjadala wa mpaka unaamua maisha yake, na yeye yuko upande usiofaa wa mstari mwingine kabisa, ule wa kaunti, ambao hauonekani kwa macho na hauna ukuta wa mawe wa kupiga picha.

Kinyume chake kipo pia. Mabasi ya Lextran yanategemea kodi ya majengo ambayo wapiga kura wa Fayette waliipitisha mwaka 2004. Kodi ni ya Fayette, basi ni la Fayette. Kijana aliyefika juzi, hana leseni wala gari, na anaishi Lexington kwa sababu shirika lililompokea liko Lexington, hawezi kulitegemea basi hilo limfikishe kwenye zamu ya alfajiri huko Scott. Anachangia mafuta kwenye gari la mwenzake. Gari la mwenzake likiharibika, watu wanne au watano wanakosa kazi siku hiyo. Nimeyaona haya mara nyingi mno kuyaita bahati mbaya. Huu ni mpangilio. Kaunti sita zinashiriki soko moja la kazi, na kila moja ina hazina yake, ramani yake na mwisho wa basi wake.

Wala kupanga nani akae wapi hakukuanza mwaka 1958. Kabla ya vita vya kukomesha utumwa, karibu nusu ya watu wa kaunti hii walikuwa watumwa, na uwanja wa Cheapside, mbele ya mahakama, ulikuwa mojawapo ya masoko makubwa ya kuuzia watu katika Kentucky. Baada ya vita, wenye mashamba waliwakatia watu walioachwa huru viwanja vidogo kwenye kingo za ardhi zao, ili nguvu kazi isiende mbali. Hivyo ndivyo vilivyozaliwa vijiji kama Cadentown, Maddoxtown, Bracktown na Jimtown. Humo walitoka watunzaji, wakufunzi na wapanda farasi waliolipatia jina eneo hili. Isaac Murphy, mpanda farasi aliyeshinda mbio kuu za Kentucky Derby mara tatu, 1884, 1890 na 1891, alikuwa mtu mweusi wa Lexington. Mwaka 2020 bustani ya Cheapside ilibadilishwa jina ikaitwa kwa Henry A. Tandy, mjenzi aliyezaliwa mtumwa. Ninapowaona wenzetu wakiishi pembezoni ili wawe karibu na kazi isiyowalipa kuishi katikati, navikumbuka vijiji vile. Hali hazilingani, na sitaki kuzilinganisha. Ila ramani ina kumbukumbu ndefu.

Mwaka 2023 baraza la mji liliamua kuusogeza mpaka kwa mara ya kwanza tangu 1996, kwa ekari zisizopungua 2,700 na zisizozidi 5,000. Walioshangilia walisema sasa kodi za nyumba zitashuka. Natamani iwe hivyo, lakini siioni njia. Ardhi mpya shambani inahitaji mabomba mapya, barabara mpya, kituo kipya cha zimamoto, na gharama hizo huingia kwenye bei ya nyumba. Na iko mbali na njia za basi. Iwapo itajazwa nyumba za familia moja, kama mitaa mingi ya nyuma, tutakuwa tumeitoa ardhi isiyorudi kwa faida ya wanaoweza kukopa benki, na mpangaji atabaki pale pale. Kupanua kungekuwa na maana kama kila ekari iliyotolewa ingefungwa na sharti la nyumba za kupangisha kwa kipato cha chini, na kama basi lingefika kabla ya ghorofa.

Mimi naitazama ardhi nyingine. Ipite Nicholasville Road mchana. Ni barabara yenye mabasi, yenye kazi, yenye chuo kikuu upande mmoja na maduka makubwa upande wa pili, na kando yake kuna ekari kwa ekari za lami za kuegeshea magari ambazo nusu yake hazijai. Hapo tayari kuna mabomba. Mji wenyewe umeanza kuliona hilo: mwaka 2021 uliruhusu wenye nyumba kujenga kibanda cha pili cha kuishi nyuma ya nyumba kubwa, na mwaka 2022 ukaondoa sharti la kila jengo kuwa na idadi fulani ya maegesho. Ni hatua nzuri, na zimechelewa. Kinachofuata ni kuruhusu ghorofa nne tano kwenye njiti za gurudumu bila kila jengo kugeuzwa vita ya majirani. Upande wa mashamba mji umeonyesha kwamba unaweza kuwa na msimamo: tangu 1999 kiwanja cha nje ya mpaka hakiruhusiwi kuwa chini ya ekari 40, na tangu 2000 umekuwa ukinunua haki za ujenzi kutoka kwa wakulima, hadi sasa ekari zaidi ya 30,000 zimefungwa zisijengwe kamwe. Fedha za umma zimetumika kumhakikishia farasi mahali pake kwa vizazi. Sipingi. Nataka umakini ule ule, na bajeti yenye uzito ule ule, kwa mtu anayelala vyumba viwili na watoto watano.

Na kwa basi la kaunti hadi kaunti, hela ipo. Asilimia 2.25 ya mshahara wa kila anayevuka mpaka asubuhi inaingia hazina ya Lexington. Sehemu ndogo ya hiyo ikirudishwa kuwa basi la zamu ya alfajiri kwenda Georgetown, na la kurudi usiku, familia nyingi ninazozifahamu zingebadilika mwezi ule ule.

Mpango mkuu wa mji hupitiwa kila baada ya miaka 5. Uliopita ni wa 2023, kwa hiyo duru nyingine haiko mbali. Kwenye mikutano yake wafugaji wa farasi huja na mawakili, wajenzi huja na ramani za rangi, majirani huja na vibao. Wenzetu wengi walioingia nchini zamani wameshapata uraia na wana kura katika kata zao. Kabla ya duru hiyo, kila mkuu wa jumuiya, mchungaji na kiongozi wa kikundi cha akina mama awaombe watu wake watunze stakabadhi za kodi ya nyumba za miaka mitatu na karatasi za mshahara zinazoonyesha makato ya mji, na waje nazo mkutanoni.